Kliniki ya Kipandauso Mtaani Milimani, Kisumu: Wanaouliza Kuhusu Hasira Kabla ya Kuuliza Kuhusu Kichwa

Wagonjwa wengi wa kipandauso hapa Kisumu wamezoea kuulizwa maswali mawili: kichwa kinauma upande gani, na umemeza dawa gani. Kliniki hii ndogo ya kibinafsi iliyoko Milimani ndiyo ya kwanza kuniuliza kuhusu siku iliyotangulia maumivu: moyo wangu ulikuwaje, nilimfokea nani, nililia bila sababu, au nilichangamka kuliko kawaida yangu. Kwa sababu ya swali hilo ninaipendekeza, ingawa ina kasoro ambazo nitazitaja bila kuzificha.

Kipandauso hakianzi pale kichwa kinapoanza kugonga. Kwa watu wengi, saa kadhaa au hata siku mbili kabla, mwili hutoa ishara: miayo isiyokwisha, shingo kukaza, hamu ya vitu vitamu, uchovu, huzuni, na hasira za karibu. Daktari alinieleza kwamba picha za ubongo zimeonyesha mabadiliko katika haipothalamasi, sehemu inayosimamia usingizi, njaa na kiu, kabla maumivu hayajafika. Maumivu yenyewe yasipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72, na yakishaondoka huacha unyonge unaoweza kuendelea kwa siku moja au mbili, wakati ambapo watu wa nyumbani wanadhani umepona na wanashangaa kwa nini hutaki kuzungumza.

Kwetu ilisemwa kwa miaka mingi kwamba hasira zangu ndizo zinazoniletea kichwa. Maneno hayo yanaumiza, kwa maana yanamfanya mgonjwa aonekane kuwa amejitakia. Ni kweli kwamba msongo wa mawazo unaweza kuchokoza kipandauso, na hapa hawakukana hilo, lakini walinionyesha kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: shambulio limekwisha kuanza, na hasira ni dalili yake ya mwanzo. Ndivyo ilivyo pia kwa chokoleti, ambayo wengi huilaumu, ilhali hamu ya kuila inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa uliokwishaingia.

Kinachothibitisha hayo ni daftari. Muuguzi hukupa daftari la kawaida alilolipiga mistari mwenyewe, lenye nafasi za usingizi, chakula, hedhi, hali ya moyo, dawa na maumivu. "Mwalimu," aliniambia, "usijaze siku ya maumivu pekee. Jaza hata ukiwa mzima, la sivyo hatutajua ugonjwa umeingilia wapi." Ushauri huo ulikuwa wa maana sana, kwa kuwa baada ya muda kurasa zenyewe zilionyesha mpangilio, na nikaanza kutambua kwamba ninapokerwa na kelele za darasa nilizozizoea, napaswa kunywa maji, kula kwa wakati, kuahirisha maamuzi makubwa na kulala mapema. Daftari hilohilo ndilo daktari alilotumia kuhesabu dawa. Sisi tunaonunua vidonge dukani Kondele kila tunapohisi dalili hatuambiwi kwamba dawa za kawaida za maumivu, zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa, na kwamba kwa dawa za mchanganyiko na za jamii ya triptani, yaani dawa maalumu za kutuliza shambulio la kipandauso, kiwango hicho ni siku 10.

Kabla ya kuandika dawa ya kinga, daktari alitaka kujua kama nimewahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, au pumu. Sababu aliitoa waziwazi: kati ya dawa hizo za kinga, topirameti na flunarizini zinaweza kuvuruga hisia za baadhi ya watu, na propranololi haiwafai wenye pumu. Sikuwahi kuulizwa hayo kwingineko.

Huduma ya mshauri nasaha ndiyo iliyonigusa zaidi. Anazungumza Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, na aliomba nije na mume wangu. Mume wangu alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza kama inambidi avumilie kila neno ninalomtupia. Mshauri hakumjibu kwa haraka. Alisema kwamba ugonjwa unaeleza hasira ilikotoka, lakini haumwondolei mtu wajibu wa kuwatunza anaoishi nao, na kwa hiyo tunahitaji makubaliano yaliyofanywa siku ya afya njema. Tukakubaliana kwamba nikisema "leo ziwa limechafuka", watoto wanapunguza sauti ya televisheni, mazungumzo ya ada na matumizi yanangoja, na mimi nakwenda chumbani bila ya mtu kunifuata. Makubaliano hayo yametusaidia kuliko kidonge chochote nilichowahi kumeza, na ninalisema hili nikijua kwamba vidonge navyo ninavihitaji.

Mshauri huyo pia hutenganisha hali mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Huzuni inayokuja na shambulio na kuondoka nalo ni jambo moja, na huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikikuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda, ni jingine linalotaka matibabu yake, hasa kwa kuwa wenye kipandauso hupatwa na sonona zaidi ya watu wengine. Aliniuliza bila kuzunguka kama nimewahi kutamani kufa. Kuulizwa hivyo kwa sauti ya upole kulinipa nafasi ya kusema ukweli.

Sasa kasoro. Chumba cha kungojea hakifanani kabisa na elimu inayotolewa ndani. Taa ni kali, televisheni huwa juu, na harufu ya samaki wanaokaangwa katika mkahawa wa jirani huingia dirishani, huku waliokaa humo ni watu wanaoteswa na mwanga, sauti na harufu. Kuzima televisheni hakugharimu chochote, na nimeshawaomba wafanye hivyo. Mshauri hapatikani Jumamosi, jambo linalowalazimu wafanyakazi wanaotoka Ahero au Maseno kuomba ruhusa kazini. Isitoshe, ada yake hulipwa kando na ya daktari, na bima yangu ya kazini ilimlipa daktari tu.

Ninawasifu, hata hivyo, kwa tangazo lililobandikwa mlangoni kwa Kiswahili, linalosema kwamba maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla, yanayoambatana na udhaifu wa mkono au mguu, au yenye homa na shingo ngumu, yapelekwe moja kwa moja hospitali ya dharura. Linaongeza kwamba mwenye homa apimwe malaria, ushauri unaostahili katika ukanda huu wa ziwa.

Anayekwenda mara ya kwanza aweke miadi ya siku ambayo mshauri yupo, abebe pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za kupanga uzazi, kwa sababu baadhi yake haziwafai wanawake wanaoona vimulimuli kabla ya maumivu, na aandamane na mtu anayeishi naye nyumba moja.