Google Trends wiki ya habari nzito: inakuambia lini, haikuambii wangapi

Mtu mashuhuri anafariki Jumanne, ardhi inatetemeka Alhamisi, matokeo ya uchaguzi yanatangazwa Jumamosi. Wiki za namna hiyo ndizo zinazowapeleka waandishi, watafiti na wadadisi wa kawaida kwenye Google Trends, huduma ya bure isiyodai hata akaunti, wakaone watu walikuwa wakitafuta nini mtandaoni. Ndizo pia wiki ambazo huduma hiyo husomwa vibaya kupita kiasi. Chombo chenyewe ni kizuri. Tatizo ni namba zake, ambazo zina sura ya hesabu ya watu ilhali si hesabu ya watu.

Chati hutoka 0 hadi 100. Google huchukua sampuli ya utafutaji, hugawanya utafutaji wa neno lako kwa utafutaji wote wa mahali hapo katika muda huo, kisha kilele hupewa 100 na sehemu nyingine zote hupimwa kwa kilele hicho. Hivyo 50 ni nusu ya kilele, basi. Neno lililotafutwa mara elfu chache na lililotafutwa mara milioni yote yatagonga 100, kila moja likiwa kwenye chati yake peke yake. Sifuri nayo haimaanishi kwamba hakuna aliyetafuta. Inamaanisha data ilikuwa ndogo mno kuonyeshwa. Tena, kwa kuwa kigawanyo ni utafutaji wote, mstari unaweza kushuka ilhali idadi halisi haijapungua hata kidogo: watu wametafuta mambo mengine zaidi, hivyo sehemu ya neno lako imekuwa ndogo.

Mfano unaofaa kubandikwa ukutani ni wa Juni 2016. Uingereza ilipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Google Trends ilitangaza kwamba swali la "Umoja wa Ulaya ni nini?" lilikuwa la pili kati ya maswali yaliyoulizwa zaidi nchini humo kuhusu Umoja huo tangu matokeo yatoke. Vyombo vya habari vikacheka: Waingereza wamepiga kura kwanza, wakauliza baadaye. Lakini orodha ile ilihusu maswali ya Umoja wa Ulaya pekee, na kuwa wa pili ndani ya kapu hilo hakusemi kapu lina ukubwa gani. Makadirio yaliyofanywa baadaye kwa takwimu za matangazo ya Google yalizungumzia watu wapatao elfu moja, katika nchi ambayo zaidi ya milioni 33 walipiga kura. Chati haikudanganya. Haikuulizwa wangapi, na isingeweza kujibu.

Ukishalikubali hilo, huduma inaanza kukulipa. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ukiandika neno kwenye kisanduku, chini yake hujitokeza chaguo mbili za aina tofauti: neno lenyewe kama lilivyoandikwa, na mada. Neno huhesabu maandishi yale yale tu. Halijumlishi makosa ya tahajia, visawe, wala umoja na wingi. Kwa Kiswahili hapo ndipo pabaya, maana "tetemeko" na "matetemeko" ni vitu viwili tofauti kabisa machoni pa mashine. Mada hukusanya maneno yanayohusu jambo lile lile, hata ya lugha mbalimbali, kwa hiyo mada ya tetemeko la ardhi humkamata aliyeandika Kiswahili, Kiingereza na Kituruki kwa pamoja. Kwa tukio la habari chukua mada. Kwa kujua watu wanaliitaje tukio, chukua neno. Ukilinganisha neno na mada kwenye chati moja umeharibu kazi, kwa sababu mada itashinda karibu kila mara bila kujali ukweli wa mambo.

Lipo tatizo moja la mada: huchelewa. Mtu aliyekuwa hajulikani jana, au dhoruba iliyopewa jina asubuhi, huenda isiwe na mada bado. Hapo rudi kwenye maneno na uyaunganishe kwa alama ya kujumlisha, kwa mfano tetemeko + matetemeko. Alama ya kutoa huondoa neno usilolitaka, na alama za nukuu hubana kifungu kizima kwa mpangilio wake. Bila nukuu, maneno mawili huhesabiwa popote yanapotokea pamoja, hata kama yamepishana au yamechanganyika na mengine.

Muda unaochagua hubadilisha kipimo cha chati, na hili huwapotosha wengi. Saa moja au saa nne zilizopita huonyeshwa dakika kwa dakika. Siku moja hukatwa vipande vya dakika nane. Siku 7 huja kwa saa, siku 30 na 90 huja kwa siku, miezi 12 na miaka 5 huja kwa wiki, na data yote tangu 2004 huja kwa mwezi. Tukio lililowashughulisha watu kwa muda wa saa tatu, usiku mmoja, litaonekana mlima kwenye chati ya siku moja na kichuguu kwenye chati ya mwaka. Saa nazo zina mtego: chati za siku 7 na chini yake hufuata saa ya mahali ulipo, za siku 30 na kuendelea hufuata UTC, yaani saa rejea ya kimataifa. Anayesema "watu walianza kutafuta kabla tangazo halijatolewa" ahakikishe kwanza hajalinganisha saa mbili tofauti. Ni kosa la kitoto, lakini nadharia nyingi za njama zimeota hapo. Kipande cha mwisho cha mstari kikiwa cha vitone, data yake haijakamilika, usikitolee hukumu.

Data ya siku 7 za karibuni na ile ya zamani hutoka katika sampuli mbili tofauti, na kila sampuli ni ya bahati nasibu. Matokeo yake ni kwamba ukiomba chati ile ile kesho, namba zinaweza kusogea kidogo. Kwa mada kubwa hutaona tofauti. Kwa maneno madogo tofauti ni kubwa kiasi cha kugeuza mpangilio wa kwanza na wa pili. Dawa yake ni kupakua faili la CSV, yaani jedwali la namba za chati, kwa siku kadhaa na kuchukua wastani, au kupanua eneo hadi mstari utulie.

Kulinganisha kuna kikomo cha idadi ya maneno, kwa muda mrefu yakiwa matano. Wiki yenye matukio yanayozidi kikomo hicho inahitaji ujanja wa neno la rejea: chagua moja, liweke kwenye kila kundi, kisha tumia thamani yake kusawazisha makundi. Ikiwa rejea ina 40 kwenye kundi la kwanza na 80 kwenye la pili, gawanya namba zote za kundi la pili kwa 2. Neno hilo lisiwe dogo mno. Namba hutolewa zikiwa zimekadiriwa hadi nzima, kwa hiyo rejea yenye thamani ya 2 inaweza kuwa chochote kati ya 1.5 na 2.5, kosa la robo nzima ambalo utalizidisha kila unapogawanya. Rejea nzuri ni jambo linalotafutwa kila siku kwa kiwango kisichoyumba na lisilo na uhusiano na habari, mfano hali ya hewa. Isipokuwa, bila shaka, wiki ya mafuriko.

Ramani iangaliwe kwa jicho la shaka. Rangi iliyokolea ni sehemu kubwa ya utafutaji wa eneo hilo, si wingi wa watafutaji. Wilaya yenye watu wachache inaweza kuongoza nchi nzima.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote iko chini kabisa ya ukurasa, na wengi hawafiki huko: maneno yanayohusiana, yaliyogawanywa kuwa yanayoongoza na yanayopanda. Yanayoongoza mara nyingi hayana jipya. Yanayopanda ndiyo yanayoonyesha hofu na uvumi unakoelekea. Kabla Google Trends haijazinduliwa Mei 2006, kampuni ilikuwa ikitoa orodha zilizoitwa Zeitgeist, na katika ile ya 2001 neno lililopanda kuliko yote lilikuwa Nostradamus, mtabiri wa karne ya 16. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba, utabiri wa kubuni uliopachikwa jina lake ulizagaa kwa baruapepe, na watu wakaenda kuuhakiki. Orodha ya yanayopanda bado hufanya kazi hiyo hiyo leo: video ya zamani inaposambazwa kama ya tukio jipya, jina la tukio la zamani huweza kujitokeza humo.

Kuwa mwangalifu na alama ya mlipuko (Breakout), inayowekwa badala ya asilimia pale ongezeko linapozidi 5000%. Inavutia kwenye kichwa cha habari, lakini kutoka 2 hadi 102 tayari ni ongezeko la 5000%. Lolote lililoanzia karibu na sifuri litalipuka, na majina mapya yote huanzia hapo.

Ukurasa wa pili wa huduma hii, Trending Now (yanayovuma sasa), ulifanyiwa ukarabati mkubwa Agosti 2024. Sasa hukuwezesha kuchagua muda wa saa 4, 24, 48 au siku 7, huonyesha jambo lilianza kupanda lini na kama bado liko juu, na huunganisha maneno ya tukio moja kwenye kikundi kimoja. Hapa angalau pana makadirio ya wingi, kwa vipimo vipana kama 20,000 na zaidi au 200,000 na zaidi. Hayo "na zaidi" yana nafasi ya kutosha kumeza uchambuzi wako wote, lakini ni bora kuliko chati tupu. Udhaifu wake ni kwamba huorodhesha kinachopanda ghafla tu. Vita vinavyotafutwa kila siku kwa kiwango kile kile vinaweza kukosekana, huku mechi ya jioni ikikaa juu ya orodha. Aliyesoma orodha hiyo akahitimisha kwamba watu wamesahau vita amesoma kisichoandikwa.

Kwa swali la wangapi, fungua dirisha la pili: takwimu za usomaji wa Wikipedia, zinazopatikana bure kupitia zana ya Pageviews. Huko kuna hesabu halisi ya mara ukurasa ulivyofunguliwa kila siku, tangu Julai 2015, na unaweza kulinganisha kurasa hadi kumi. Chagua kuhesabu watumiaji na kuacha roboti. Hakikisha ukurasa haukubadilishwa jina katikati ya wiki, maana hesabu hugawanyika kati ya jina la zamani na jipya na utaona anguko lisilokuwepo. Haina mgawanyo wa saa kwenye chati zake, na lugha ya ukurasa si nchi ya msomaji. Ila vikiunganishwa viwili hivi, Trends ikupe saa na mahali, Wikipedia ikupe ukubwa, unapata picha ambayo hakuna kimoja kinachoweza kuitoa peke yake.

Kisichoonekana kokote humo ni kile kisichopita Google: aliyeuliza kwenye kikundi cha WhatsApp, aliyetafuta ndani ya TikTok, nchi kama China ambako Google imezuiwa. Na hata kinachoonekana hakisemi kwa nini. Google yenyewe ililipia somo hilo. Mradi wake wa Flu Trends, ulioanza 2008, ulikisia kiwango cha mafua kutokana na maneno yaliyotafutwa; msimu wa 2012 hadi 2013 ukakisia juu sana kuliko hali halisi, na ukafungwa 2015. Maelezo yaliyotolewa na wengi ni kwamba habari za mafua ziliwafanya wazima nao watafute dalili. Ndiyo hali ya kila wiki ya habari nzito: sehemu ya mlima unaouona kwenye chati imejengwa na matangazo ya habari yenyewe.

Kwa anayefanya kazi hii kila siku, kero ya mwisho ni ndogo ila inachosha: ukifungua chati nyingi kwa haraka huja kosa namba 429, yaani umeomba mara nyingi mno, na huna la kufanya ila kusubiri. Julai 2025 Google ilitangaza njia rasmi ya kuchota data kwa programu, ikiwa bado katika majaribio na kwa wachache waliokubaliwa, ambayo namba zake hazibadiliki kipimo kutoka ombi moja hadi jingine. Ujanja wa neno la rejea hauhitajiki tena huko. Lakini data yake huishia takriban siku mbili nyuma, kwa hiyo tukio la leo asubuhi bado litakurudisha kwenye ukurasa ule ule wa kawaida, neno la rejea mkononi.