Nyota tatu kwa kikao cha maoni, Kakuma

Kwa kawaida mimi hukadiria simu na betri za sola, maana ndizo ninazouza. Safari hii nakadiria kikao cha Kakuma, penye kambi ya wakimbizi kaunti ya Turkana, Kenya. Nacho ni huduma kama nyingine: kuna aliyekilipia, kuna walioendesha, na kuna wateja. Mteja mmoja alikuwa nyanya yangu, aliyeondoka kwake saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu, kuja kuulizwa anaonaje waomba hifadhi wapya wakijengewa upande anaochungia mbuzi wake.

Nianze na mazuri. Hema lilikuwa na kivuli cha kutosha, chai ilikuwa na maziwa ya kweli, na waliotoka mbali walirudishiwa nauli siku ileile. Anayejua vikao vya huku anajua hilo si jambo dogo.

Saa ndiyo iliyoharibu. Tangazo lilisema saa tatu, wageni rasmi wakashuka kwenye magari saa sita kasorobo. Kufikia hapo akina mama wengi walikuwa wameshaondoka na mitungi yao, kwa sababu foleni ya maji haingoji hotuba. Wakabaki wanaume, na baadaye ikasemwa kwamba "jamii mwenyeji" imetoa maoni. Hati tuligawiwa mlangoni, kurasa arobaini za Kiingereza. Mimi nilipitia tano. Nyanya alijipepea na yake hadi mwisho, na nadhani ndiye aliyefaidi zaidi.

Mkalimani nampa nyota nzima, ingawa alianza vibaya. Maneno yalitoka Kiingereza yakaja Kiswahili, kisha Kiturukana, na alipofika kwenye "waomba hifadhi" ulimi ukamponyoka akasema ngimoe. Kwetu neno hilo ni watu wa nje, lakini pia ni maadui. Hema zima likachangamka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo mnatuletea vita?" Mkalimani akasimamisha kikao, akaomba radhi, kisha akaeleza taratibu: ni mtu aliyekimbia kwao, amefika, amejiandikisha, na bado anangoja kuambiwa kama atatambuliwa kuwa mkimbizi. Dakika kumi hivi. Hakuna ukurasa hata mmoja kati ya ile mitano yangu ulioeleza vizuri hivyo.

Nyanya hakuhitaji kuelezwa. Alikuwepo 1992 wavulana wa Sudan walipofika na kambi ikaanza. Alikuwepo pia 2015, jamii ilipokubali kutoa takriban hekta 1,500 kwa ajili ya makazi mapya ya Kalobeyei, karibu na kambi. Pale palikusudiwa pawe tofauti na kambi: mkimbizi na mwenyeji watumie shule moja, zahanati moja, soko moja. Pakafunguliwa 2016, na mwaka uleule mapigano yakazuka upya Sudan Kusini, watu wakaja kwa mpigo, na mpango uliokuwa uende polepole ukageuka wa dharura. Kwa hiyo mtu wa huku akionyeshwa mchoro mzuri, huuliza kwanza: wakija maradufu je?

Swali hilo liliulizwa. Jibu lilikuwa, "Tumelinakili." Mwalimu mmoja akauliza la ardhi: Katiba inasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, sasa sisi hapa tunatoa idhini au tunatoa maoni tu? "Hilo pia tumelinakili." Mwendeshaji yuleyule alikuwa ametufungulia kikao kwa kutusomea Ibara ya 10 ya Katiba hiyohiyo kuhusu ushirikishwaji wa wananchi. Nilihesabu "tumelinakili" mara kumi na saba, kisha chai ya pili ikaja nikaacha.

Walikuwepo pia waomba hifadhi wawili, wamewekwa viti vya nyuma kabisa karibu na majenereta. Mmoja, fundi cherehani kutoka Burundi, alipewa kipaza sauti watu wakiwa wameshaanza kukunja viti. Alisema kwa Kiswahili kilichotushinda wengi wetu kwamba hajali nyumba iwe ya mabati au ya matofali, ila isiwekwe mahali ambapo mkewe na mke wa mwenyeji watagombania bomba moja. Kilikuwa kikao kuhusu makazi yake, na alipata kama dakika mbili.

Sasa ramani. Ilibandikwa ubaoni, imechorwa viwanja, barabara, tangi la maji, yote kwa rangi. Nyanya akainuka bila kuitwa, akaitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole. "Mbuzi wangu wanapita hapa kwenda mto Tarach. Hapa mmeweka choo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Msichana mmoja wa upande wa waandaaji, ambaye siku nzima alikuwa akishika orodha ya majina tu, akatoa kalamu nyekundu, akamwomba nyanya aonyeshe njia yote, naye akaichora juu ya ile ramani mbele ya wakubwa wake. Nyanya alimsahihisha mara mbili. Nyota ya pili ni ya msichana huyo. Ya tatu ni ya chai na nauli. Mbili zilizobaki nimezizuia, kwa sababu ramani ambayo tangi limeshawekwa haijaja kuuliza, imekuja kuonyeshwa.

Wiki sita baadaye muhtasari ulibandikwa nje ya ofisi ya chifu, kurasa mbili, safari hii kwa Kiswahili, na hapo wamejitahidi. Mstari mmoja unasema: "Njia za mifugo zitazingatiwa." Nilimsomea nyanya kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Zitazingatiwa ni hatua ngapi kwa upana?"