Ufunguo wa X-Trail ulipotelea Kariakoo: mafundi wawili, na nitakayemrudia

Ijumaa ile ya mvua niliegesha gari Kimara Mwisho kama kawaida, nikapanda mwendokasi hadi Gerezani kufuata vitenge vya dukani. Narudi saa kumi na mbili jioni na mizigo miwili, naingiza mkono kwenye pochi, ufunguo haupo. Nilimwaga kila kitu juu ya boneti: simu, risiti, leso ya mtoto, sarafu. Kwenye kona ya chini ya pochi uzi ulikuwa umefumuka, tundu la kupitisha vidole viwili. Hapo nikajua umedondoka, na kati ya Kariakoo na Kimara ningeanzia wapi kuutafuta?

Gari ni Nissan X-Trail ya 2005, imetumika Japani kabla haijanifikia, na ilikuja na ufunguo mmoja tu. Wengi tulionunua magari ya namna hii tunalijua hilo. Miaka mitatu nilikuwa najiambia nitachonga wa pili mwezi ukiisha.

Mlinzi wa maegesho nilimwachia hela ya kulilinda usiku, nikadandia daladala kwenda nyumbani Mbezi. Sikupata usingizi. Gharama sikuiwaza sana; nilimuwaza aliyeuokota. Kwenye pete ya ufunguo kulikuwa na kibati chenye jina la duka langu na namba ya simu. Niliweka makusudi, ili mwema akiuokota anipigie. Usiku ule niliona jinsi kibati kile kingeweza kumsaidia na asiye mwema. Hakuna aliyepiga, mpaka leo.

Asubuhi nikamchukua fundi wa karibu, anayechonga funguo pembeni ya barabara. Mikono yake ni mepesi, hilo lazima niseme. Alipenyeza waya juu ya kioo, mlango ukafunguka bila mkwaruzo, akatoa kitasa cha mlango wa dereva, akachonga ufunguo kwa kufuata pini zake. Saa moja na nusu haikufika. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, redio ikaongea. Starta ikapiga vizuri kabisa, injini haikushika. Tukarudia mara nne. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu inapepesa, ndogo, ambayo sikuwahi kuitilia maanani.

Akaniambia, "Mama, hiyo ni immobilaiza. Tuikate tu, gari litawaka kwa ufunguo wowote."

Immobilaiza ni kinga inayozuia injini isiwake kwa ufunguo ambao gari haliutambui. Maneno hayo mawili, ufunguo wowote, ndiyo yaliyonifanya nimlipe 60,000 zake na kumwambia basi. Gari liko maegeshoni, ufunguo wangu uko mikononi mwa nisiyemjua, halafu tuondoe kinga ya mwisho iliyobaki? Na nilipokaa kwenye kibaraza cha mlinzi nikinywa chai, nikakumbuka jambo lililoniuma zaidi: fundi yule hakuniuliza gari ni la nani. Hakuna kadi aliyotaka kuiona, wala kitambulisho. Angekuja mtu mwingine na maneno matamu, angefunguliwa na kuchongewa vilevile.

Fundi wa pili nilipewa namba yake na jirani. Kwenye simu aliuliza maswali kabla ya kutaja bei: gari la mwaka gani, ufunguo ni wa kuchomeka au wa kubonyeza, umebaki hata mmoja, taa nyekundu inafanyaje ukichomeka ule wa kuchongwa. Kisha akasema niwe na kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA na ripoti ya upotevu ya polisi, na kwamba hatagusa kitu kabla hajaviona. Nakiri nilikasirika. Kadi ilikuwa nyumbani, na nilikuwa nimechoka. Ripoti niliijaza kwa simu, kadi nikaifuata kwa bodaboda. Leo hasira ile imegeuka shukrani.

Alisema saa tatu, akafika saa sita. Hiyo ni kasoro, na kwa mwenye duka saa tatu ni nyingi. Lakini alipofika alifungua boneti, akapangusa vumbi kwenye ukuta wa nyuma ya injini, akasoma namba ya chesisi tarakimu moja moja huku mimi nikifuatisha kwenye kadi. Ndipo akafungua begi.

Kazi yenyewe alinieleza akiwa anaifanya. Ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo kuna chipu, nyeusi, kama mbegu ya ubuyu. Haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete yenye nyaya zilizoviringwa. Ukichomeka ufunguo pete hiyo inaipa chipu nguvu kidogo, chipu inajibu kwa namba yake, na kompyuta ya gari ikiitambua ndipo inaruhusu injini iwake. Isipoitambua, starta itazunguka mpaka betri iishe. Vitufe vya rimoti vya kufungulia milango ni jambo jingine kabisa, na vyenyewe ndivyo vinavyotumia betri. Kwa hiyo kwa ufunguo wa kuchomeka kama wangu, betri ya rimoti ikifa gari bado linawaka. Kuna wanaouziwa ufunguo mzima kwa tatizo la betri ya duara ya dukani.

Alichomeka waya wa mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasoma msimbo wa kisanduku cha umeme cha gari, na kutokana na msimbo huo mashine ikatoa namba ya siri ya tarakimu nne. Bila namba hiyo Nissan hii haikubali ufunguo mpya. Baada ya hapo ikafuta funguo zote zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Zote, pamoja na ule uliopotea. Akaingiza mpya, akaiwasha swichi, akasubiri, akauchomoa.

Kisha akaniomba ule wa 60,000. Akauchomeka, akazungusha: starta, injini kimya, taa nyekundu inapepesa. Akauacha hapohapo, akachukua chipu nyingine aliyokwisha isajili, akaishika kwa vidole viwili na kuisogeza kwenye pete ya swichi. Akazungusha tena, injini ikashika palepale. Akasema, "Umeona dada? Chuma kinafungua mlango, kinachowasha ni hiki." Chipu ile akaiweka kwenye kichwa cha ufunguo ule wa kuchongwa, ukawa ufunguo wangu wa pili. Angeweza kunichongea mwingine na kunitoza, hakufanya hivyo.

Nilimuuliza swali lililoninyima usingizi. Jibu lake lilikuwa la kweli, halikuwa la kunifariji: ule uliopotea hauwezi tena kuwasha injini, lakini chuma chake bado kinafungua mlango, kwa sababu kitasa ni kilekile. Nikitaka kumaliza kabisa, vitasa vibadilishwe. Nimeamua kutobadilisha kwa sasa, ila sihifadhi tena kitu ndani ya gari, na kibati cha namba ya simu nimekitupa.

Jumla nilimlipa 280,000 kwa funguo mbili zinazowasha, rimoti moja ikiwemo. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba kama ningemwita nikiwa na ufunguo mmoja mkononi, wa pili ungenigharimu chini ya nusu ya hapo, kwani ugumu wote uko pale ambapo hakuna hata mmoja uliobaki. Ukiongeza 60,000 za mwanzo, bodaboda, mlinzi na siku mbili za duka kufungwa, utaona nilichopoteza kwa kusubiri mwezi uishe.

Yakikufika, muulize fundi mambo mawili kabla hajaanza: atafuta ufunguo uliopotea au ataongeza mpya tu, na atakuonyesha injini ikiwaka kwa kila ufunguo atakaokuachia. Magari mengi ya zamani ya Japani hayana immobilaiza kabisa, hivyo ufunguo wa kuchongwa tu unatosha. Mwenye gari la namna hiyo asikubali kulipia chipu. Na fundi asipokuuliza kadi, mwache aende.

Ufunguo wa pili nimempelekea mama Kibaha, ameufunga kwenye kitambaa na kuuweka kabatini pamoja na hati zake za kiwanja. Kilichobaki ni rimoti. Inafungua milango nikiwa hatua tatu tu kutoka garini, wakati ya zamani ilifungua nikiwa ng'ambo ya barabara. Nimempigia fundi, hakubisha, ameahidi kuja kuibadilisha Jumamosi bila malipo. Safari hii nimemwambia saa tatu iwe saa tatu.