Boksi ya Pembe 6 au ya Pembe 12 kwa Nati Iliyoganda?

Kwa fundi wa Mtwara anayehudumia injini za boti za Mikindani, ambako chumvi ya bahari huigandisha nati kwenye bolti yake kwa kutu, uchaguzi wa boksi, yaani kichwa cha spana chenye pembe kwa ndani kinachovikwa juu ya nati, si jambo dogo. Boksi ya pembe 6 huibana nati kwenye bapa zake, mbali kidogo na kona, hivyo nguvu husambaa na kona haziliki haraka. Ile ya pembe 12 hushika karibu na kona zenyewe; zikiwa zimeshaliwa na kutu, boksi huteleza na kuiacha nati ikiwa mviringo, na hapo fundi hubakiwa na tindo na nyundo.

Sifa ya pembe 12 ni kwamba hukaa kwenye nati kila nyuzi 30 badala ya 60, jambo linalosaidia mahali finyu, ingawa ukiwa na racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaorudi nyuma bila kuitoa boksi kwenye nati, faida hiyo hupungua sana. Binafsi ningenunua kwanza ya pembe 6.

Kwa vyovyote vile, bomba la kurefushia mpini lisivikwe kwenye racheti, kwani meno ya ndani ya racheti huweza kuvunjika. Utumike mpini mrefu usio na racheti, ambao ukiwa wa sentimita 60 huzungusha kwa nguvu maradufu ya ule wa 30, mkono ukisukuma vilevile.