Kigari cha mtoto cha kukodi Bangkok: nyota moja, na hiyo moja bado naifikiria

Gurudumu la mbele lilichomoka tukiwa ndani ya Jumba la Kifalme, saa sita kasoro, jua la Bangkok likiwa utosini. Halikulegea kwanza, wala halikulia. Lilichomoka tu tulipokuwa tunavuka kizingiti, likabingirika hadi miguuni kwa mtalii mmoja aliyekuwa anapiga picha zile sanamu za majitu zinazolinda lango, na Salum wangu, miaka mitatu na nusu, akaenda mbele kama abiria wa daladala iliyofunga breki.

Baba Salum hufuata mzigo wa nguo Bangkok, kwenye soko la Pratunam, kwa ajili ya duka lake la Kariakoo. Safari hii nikasema na sisi twende, yeye abaki na marobota yake, mimi na mtoto tutembee mjini. Ilikuwa siku chache kabla ya Songkran, ile sikukuu yao ya kumwagiana maji. Walionionya kuhusu joto niliwacheka. Mimi niliyezaliwa Temeke nitishwe na joto? Sasa sikilizeni: Dar mwezi wa nne ni masika. Bangkok mwezi wa nne ndio kilele cha joto lao, na upepo wa bahari hakuna. Unatoka kwenye ile treni ya juu yenye kiyoyozi, mlango unafunguka, ni kama umefunua sufuria ya pilau na uso wako uko juu yake.

Ndiyo maana nikakodi kigari. Kiduka karibu na hoteli, kila kitu kwa simu: baht 350 (ndiyo pesa yao) kwa siku, dhamana baht 1,500. Wakauliza umri wa mtoto na uzito wake. Nikaandika ukweli: kilo 17. Shikeni hiyo kilo 17, tutairudia.

Haki yao niwape, Bangkok si mji wa magurudumu madogo. Vigae vya kandokando ya barabara vimelegea, katikati ya njia kuna nguzo, kuna mama anachoma mishikaki, na pikipiki nazo zinapanda hukohuko. Kuvuka barabara mara nyingi ni kupanda daraja, ngazi juu, ngazi chini, na kigari umekibeba. Halafu mahekalu yana vile vizingiti virefu, na hukanyagi juu yake, ni mwiko. Unapiga hatua unavuka. Kwa hiyo kila lango nainua. Labda nilikiinua vibaya. Labda. Lakini kigari kinachokodishwa kwa watalii wa Bangkok si kiwe kinajua vizingiti vya Bangkok?

Kiingilio cha jumba ni baht 500 kwa mgeni. Mtoto chini ya sentimita 120 hahesabiwi. Basi kwa baht 500 zangu nilichoona ni lango, nusu ya ukuta wenye michoro ya nyani wanaopigana, na gurudumu. Ile sanamu yao mashuhuri ya Buddha wanayoiita ya zumaridi, ambayo kumbe ni jiwe la jade na wala si kubwa, nimeiona dakika mbili kwa kunyoosha shingo, viatu nje, mtoto begani analia. Mfalme huibadilisha vazi mara tatu kwa mwaka, kila msimu na nguo zake. Sanamu ina nguo ya kiangazi, mie natota jasho ndani ya abaya.

Nikawapigia wa kigari. Hawakupokea. Ukaja ujumbe: rudisha kabla ya saa kumi na mbili. Hakuna pole, hakuna kuuliza kama mtoto ameumia. Rudisha.

Kilichoniokoa ni kanga. Nilikuwa nimeitandaza juu ya kigari iwe kivuli; nikaichukua nikambeba Salum mgongoni kama alivyonibeba mama yangu, kigari nikakikunja nikakiburuta kwa mkono mmoja, gurudumu ndani ya pochi. Kanga yenyewe imeandikwa SUBIRA YAVUTA HERI. Nilipojiona kwenye kioo cha gari moja nilitaka kucheka, chozi likatangulia.

Nikafika karibu na gati ya Tha Tien nikakaa chini. Kulikuwa na bibi anauza mashada ya asumini, asumini zilezile ambazo Unguja wangefungia vikuba. Hakuniuliza kitu. Alichukua kitambaa kwenye boksi lake la barafu, akamweka mtoto shingoni, akampepea, halafu akatoa kopo la poda, lile lenye picha ya nyoka, akampaka mashavuni na kifuani. Ile poda ina ubaridi wa ajabu. Salum akanyamaza kama mtu aliyezimwa swichi. Nilipotaka kulipa alinisukuma mkono. Nilinunua shada moja kwa nguvu.

Kwa sababu ya huyo bibi ndipo nikapata moyo wa kuingia hekalu la Wat Pho, ambako kuna sanamu ya Buddha iliyolala, ya mita 46. Salum hakuitazama sana. Alichopenda ni yale mabakuli 108 yaliyopangwa kwa mstari, watu wanapita wakidondosha sarafu, ting, ting, ting. Naye alitaka kutia. Nikamwambia sisi tunasikiliza tu. Tulisikiliza karibu nusu saa, kwenye kivuli, bila kigari, na ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za siku hiyo. Hata hapo nilikuwa natunga kichwani maneno ya kumwambia yule mtu dukani.

Nikafika saa kumi na moja na kitu. Kijana mmoja yuko kaunta, macho kwenye simu. Nikaweka kigari, nikaweka gurudumu juu ya kaunta. Akalitazama gurudumu. Akamtazama mwanangu. Akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu: "Hiki cha mtoto. Huyu mkubwa."

Mkubwa! Miaka mitatu! Kilo 17 niliandika kwa mkono wangu, na wao ndio waliouliza! Nikamwonyesha ujumbe. Akasema atakata baht 800 kwenye dhamana. Hapo Kiingereza kikaniisha. Nikasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti: "Kenge mkubwa wewe!"

Sasa inabidi mjue kwamba jana yake tulikuwa bustani ya Lumphini, ambayo kuingia ni bure, na kwenye maji yake kuna kenge wa kweli, wakubwa, wanatembea kwenye majani kama mbuzi wa mtaani. Salum hakuwa anazungumza kitu kingine. Na baadaye Soi 3/1, kule kwenye mtaa wa Waarabu tunakokwenda kula chakula cha halali, Mtanzania mmoja aliyekaa sana huko akaniambia kwamba hata kwa Kithai jina la mnyama huyo ni tusi, tena zito kuliko letu. Bahati yangu sikulijua.

Basi Salum kusikia "kenge" akashuka mgongoni, akalala kifudifudi sakafuni, akachungulia chini ya kaunta. "Yuko wapi, mama? Kenge yuko wapi?" Na yule kijana, akidhani mtoto ameangusha kitu, akaweka simu yake, akapiga magoti upande wake, naye akachungulia. Wakabaki wanatazamana chini ya kaunta. Akamulika na tochi ya simu. Wakatafuta pamoja, sijui dakika ngapi, mtoto anaelekeza, yeye anamulika.

Baht 800 alikata vilevile.

Usiku nikampa nyota mbili. Asubuhi, nilipoinuka na mgongo ukakataa, nikaondoa moja. Kama unakwenda na mtoto anayetembea, usikodi kigari hapo, chukua kanga. Kama mtoto bado mchanga na mwepesi, sijui, pengine magurudumu yatashika. Salum kila siku ananiuliza kama yule kaka amempata.