Uzoefu wangu: lenzi ya mkono ya mara 10 vs apu za kutambua uyoga (vile vyeupe vidogo vya kwenye magogo)

Kwa wenye haraka: lenzi nyota 5, iNaturalist nyota 4, ile apu ya kulipia hata nyota moja ni nyingi. Sasa maelezo.

Mimi nalima uyoga wa mamama (oyster) huku Morogoro, na masika ikishaanza tu magogo ya mwembe yaliyolala pembeni ya banda yanajaa vijiuyoga vyeupe, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vimejipanga ubavuni mwa gogo bila mguu wa maana, na kila mteja akija lazima aulize "hivi navyo si mamama wadogo?" Swali la haki kabisa maana kwa juu vinadanganya, ndo maana nikaamua kutafuta kitu cha kuvitambua badala ya kubishana kila siku.

Apu ya kulipia sitaitaja jina. Ilikuwa inaniambia Pleurotus, yaani jenasi (kundi la spishi za karibu) ya mamama wenyewe, tena kwa asilimia kubwa ya kujiamini na chini yake imeweka mapishi!! Jamani mapishi. Nimefuta.

iNaturalist ni bure, ilianzishwa 2008 na wanafunzi wa chuo cha Berkeley kule California, na kinachonipendeza ni kwamba mashine inapendekeza tu, halafu wanakuja binadamu wanakubali au wanakataa, jina la spishi halithibitishwi mpaka zaidi ya theluthi mbili yao wakubaliane. Wakati mwingine unasubiri sana, hiyo nyota moja nimeikata hapo. Na usiipe picha ya juu peke yake, kofia nyeupe ni kofia nyeupe tu, piga na chini, piga na pale ulipong'oka, piga na gogo lenyewe, taja na ni mti gani.

Lakini lenzi ndo mwisho wa ubishi. Namna ya kuitumia: wengi wanaishika mbali kama wanasoma gazeti, hapana, ibane jichoni kabisa halafu sogeza uyoga mpaka uone vizuri. Geuza chini uangalie yale matamvua, zile kuta nyembamba za chini ya kofia. Kama kila moja imepasuka katikati kwa urefu wake ikawa na kingo mbili zinazojikunja nje, na juu ya kofia kuna vinyweleo vya kijivu, basi ni Schizophyllum commune, uko karibu kila bara isipokuwa Antaktika. Mamama hana mpasuko huo hata awe mdogo vipi. Jua likiwaka zile kingo zinajikunja kufunika sehemu inayotoa spora (lile vumbi ambalo uyoga huzaliana nalo), unadhani umekufa, nyunyizia maji urudi baada ya masaa machache umefunguka na unaendelea na kazi. Hii unaiona kwa macho yako mwenyewe.

Usipoona mpasuko inabidi uende kwenye spora. Weka kofia juu ya karatasi, nusu nyeusi nusu nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi. Vumbi likiwa la kahawia uwezekano mkubwa ni Crepidotus, nao ni vyeupe vidogo vya kwenye miti iliyooza na vinachanganya sana. Likiwa jeupe rudi kwenye lenzi uutafute tena ule mpasuko.

Nilichopenda zaidi ni kwamba ule mpasuko una maana yake. Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi wa kupanga majina ya viumbe, mwaka 1755 alikuwa kauweka uyoga huu kwenye jenasi ya Agaricus, enzi hizo karibu kila chenye matamvua kilitupiwa humo, ndipo 1815 Fries, mtaalamu wa uyoga wa Uswidi, akautoa akaupa jenasi yake. Leo uko oda moja (kundi kubwa lenye familia nyingi) na mamama, Agaricales, ila familia ni tofauti kabisa, kwa sababu hayo sio matamvua ya kweli bali ni kama vikombe vidogo vilivyoungana ubavu kwa ubavu na mpasuko ndo mpaka wa kikombe na kikombe. Hata kwenye kuozesha una ukaidi, wamezoea kuuweka kundi la waozesha mti ukawa mweupe, jenomu yake (yaani vinasaba vyake vyote) iliposomwa 2010 ikakutwa haina vile vimeng'enya vikali vya kuvunja lignini (kile kinachoupa mti ugumu) walivyo navyo wenzake. Na una aina za kujamiiana zaidi ya 20,000, hiyo waachieni wenyewe.

Kuhusu kula: sehemu za Kongo, Nigeria na kaskazini mashariki ya India wanaula japo ni mgumu kutafuna. Mi siuzi na simshauri mtu ale kitu kwa sababu apu imesema. Magogo yenye hivyo nimeyahamisha mbali na banda maana vinaweza kuingia kwenye mifuko ya mbegu vikanigombania chakula cha mamama.

Ukienda kununua lenzi, chukua ya kukunja isiyo na taa, zile zenye taa betri zake ndogo kama za saa ya mkononi zinaisha upesi na kuzipata mikoani ni shida. Na ukikuta imeandikwa mara 60 kwa bei ileile ya mara 10, mrudishie muuzaji.