Kulala Mji wa Kale: uliza maji kwanza, bahari utaiona

Desemba iliyopita nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ilijaa watu wa arusi hadi kwenye ngazi, nikamkodishia mavyaa wangu chumba cha wageni mitaa miwili mbele, shilingi 6,500 kwa usiku. Kwenye picha palikuwa na kila kitu: samadari yenye chandarua, mlango wa nakshi, dirisha la bahari. Siku ya pili asubuhi nikamkuta amekaa kitandani, leso kichwani, hataki kutoka. Alikuwa amejipaka shampuu mara tatu na povu halikuja, nywele zimekuwa makumbi ya nazi. Chai aliyojipikia ilikuwa imekatika, maziwa yanaelea vipande vipande. "Mwanangu," akaniambia, "umenileta huku nikaogee magadi?"

Nikampigia mwenye nyumba. "Dadangu, ndiyo maji ya Mji wa Kale hayo." Ananiambia mimi, niliyezaliwa Kibokoni!

Kwa hivyo leo sitazungumzia adhana ya alfajiri, wala kiamshakinywa, wala dakika ngapi hadi Fort Jesus. Hayo mmeshaambiwa na kila mtu. Nazungumzia mfereji, yaani bomba la maji.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo umejaa vitundu. Ukichimba kisima maji utayapata, ila bahari nayo imo humo humo. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na Tiwi. Ukiyajumlisha yote hayautoshi mji, hivyo yanagawanywa kwa zamu, na mfereji wa kaunti unaweza kukaa siku kadhaa ukitoa upepo mtupu. Hapo ndipo unapomjua mwenye nyumba. Mmoja ameweka akiba ya maji matamu kwenye tangi. Mwingine atamwita mtu wa mkokoteni auzaye maji. Wa tatu anawasha pampu ya kisima na kukunyamazia, na huyu wa tatu ndiye aliyejaa kwenye hizi programu za kukodisha.

Basi usimuulize "maji yapo?" Atakwambia yapo, na hatakuwa amekudanganya. Muulize: "Maji ya bafuni ni ya kaunti au ya kisima?" Taja bafuni, kwa sababu nyumba nyingi zina mifereji miwili, ya jikoni matamu na ya bafuni chumvi, na ukiuliza kwa jumla utajibiwa ya jikoni. Kisha tazama picha ya bafu, achana na ya dirisha. Ivute mpaka ukione kichwa cha shawa. Kikiwa na ukoko mweupe kuzunguka vitundu, vingine vimeziba kabisa, hicho ni kisima. Mfereji wa shaba ukiwa na ukijani pale unapoingia ukutani, huenda ni kisima pia. Mimi siku hizi humwomba mwenye nyumba anitumie video fupi akinawa mikono kwa sabuni ya kipande. Wawili walinikatia simu. Wa tatu alicheka, akanawa, povu likamjaa viganja, na ndiye ninayempelekea watu mpaka leo.

Sasa mpangilio wangu wa mahali pa kulala.

Wa kwanza, bila kusita, ni nyumba ya ghorofa ndani ya Mji wa Kale, upande wa barabara ya Ndia Kuu, yenye matangi mawili juu ya paa: moja la maji matamu, jingine la chumvi kwa ajili ya choo tu. Na nikisema tangi namaanisha Kentank. Najua wapo wanaoapia majina mengine, na hakuna aliyenilipa. La kwetu nimelikuta tangu nikiwa msichana, linapigwa na jua la kaskazi na upepo wa chumvi, na halijapasuka. Mwenye nyumba aliyetoa pesa kununua tangi zuri ndiye huyo huyo anayekumbuka kubadilisha godoro. Ukishaipata nyumba kama hiyo, miguu inakutosha: unashuka Ndia Kuu kabla jua halijawa kali, unaupita msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, unafika Bandari ya Kale kutazama majahazi, unarudi na mahamri yangali moto. Dirisha lako litatazama ukuta wa jirani. Vichochoro vile havikujengwa kwa ajili ya picha, na anayekuongezea pesa kwa "bahari" mara nyingi anamaanisha upande juu ya paa, usimame kwa vidole.

Wa pili ni fleti za Kizingo, karibu na barabara ya Mama Ngina. Tangu ile njia ya kando ya bahari ifunguliwe upya Oktoba 2019, jioni unatembea chini ya mibuyu ukila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na meli za Kilindini zinapita karibu utadhani utampungia baharia akuone. Kwa maji Kizingo wanatushinda, niseme ukweli: bauza ya maji inafika mpaka getini, wakati kwetu kichochoroni hata tuktuk hukwama. Lakini kutoka huko hadi Fort Jesus ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mguu, na mchana wa Februari huo si mwendo, ni adhabu.

Hoteli za Moi Avenue naziweka tatu. Baraza la hoteli ya Castle nalipenda kwa kahawa na kutazama watu, ila bahari huioni. Hoteli ya English Point Marina iko ng'ambo, upande wa Nyali. Utauona Mji wa Kale wote kutoka huko, sawa na kunusa biriani ya jirani, na ukitaka kuuingia lazima uzunguke Daraja la Nyali kwa gari. Gesti za Mwembe Tayari zipo, bei nafuu, ndoo utapewa. Beba kandambili zako.

Turudi kwa mavyaa. Nilimnunulia mitungi sita ya mkokoteni, lita 120 za maji matamu, kijana akaipandisha ngazi mwenyewe. Pesa zote hazikufika nusu ya shilingi 1,500 nilizotozwa, juu ya bei ya chumba, kwa jina la "ada ya usafi". Nikataka kujua ni usafi gani huo. Nikafungua kabati la chini ya ngazi: fagio moja la chelewa, na nusu kipande cha sabuni, kikavu, kona zake zote nne zingalipo.